Bong-rye, Itika

Deok-sim alitakiwa kumwita bintiye "Mama", na hilo halikumkera hata kidogo. Katika tamthilia za wafalme wa zamani ndivyo malkia anavyoitwa, na bintiye ndiye aliyeigiza malkia. Ni neno la heshima la ikulu tu. Aliyekuzaa, huku Korea, unamwita eomma. Kilichomkera ni kuvuliwa miwani.

"Wajakazi wa malkia hawakuvaa miwani, bibi," kijana Hyeon-tak, msaidizi wa mwongozaji, alimwambia asubuhi, akaitumbukiza mfukoni pamoja na saa za watu.

Basi akapiga magoti kwenye ua wa ikulu ya mbao na plastiki, amebandika vifuko vya kupasha joto mgongoni chini ya vazi la kijani. Bintiye alikuwa palepale mbele, karibu kiasi cha kurushiwa chungwa, lakini bila miwani Deok-sim aliona vazi jeupe kama tone la maziwa tu, halina uso.

"Dada, unakodoa macho kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano," alinong'ona Pil-nyeo, mjakazi mwenzake, mdomo umejaa wali wa mwani aliouficha kwenye mkono wa vazi. "Inamisha kichwa. Mjakazi hamtazami malkia."

"Simtazami. Namtafuta."

"Kamtafute kwenye televisheni! Mwenzako jana nimepishana naye mlangoni, kanipita kama nguzo."

Deok-sim akainamisha kichwa. Angeanzia wapi? Kwenye kabichi? Maana siku waliyogombana jikoni kulikuwa na beseni la kabichi zilizolowekwa chumvi, na bintiye Bong-rye alisimama mlangoni bila kuvua koti, akasema amebadilisha jina kisheria. Sasa ni Seo-ha. Bong-rye, alisema, ni jina la muuza figili. Hakuna atakayempa mwenye jina hilo taji la malkia.

"Babu yako ndiye aliyekupa."

"Babu hatazami tamthilia, eomma."

"Mimi nitakuita ulilozaliwa nalo."

"Basi sitaitika."

Na kweli hakuitika. Miaka sita Deok-sim amekuwa akipiga simu, anasema "Bong-rye-ya," kama mzazi anavyomwita mwanawe, anasikia pumzi, kisha simu inakatwa. Jina jipya alilijaribu mara nyingi, peke yake, akiosha mchele. Likamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Mwishowe akajiandikisha kwa wakala wa waigizaji wa kujazia, wale wa kupiga magoti na kulia kwa pamoja. Hakutaka makubwa. Alitaka amwite mara moja, uso kwa uso, asikie kama bado kuna mtu wa kuitika.

"Tunarudia!" alipaza sauti mwongozaji Cheon. "Malkia amevuliwa cheo, anafukuzwa, hatarudi tena. Seo-ha, ukifika langoni unageuka. Mbona unageuka kama mtu aliyesahau mwavuli?"

"Samahani, mwongozaji," ilijibu sauti ya tone la maziwa. Kisha likakohoa.

Deok-sim akakijua kikohozi kile. Kikavu, cha kifuani, cha kila baridi inapoingia. Wamemvika kitambaa chepesi cha aliyeadhibiwa, katika theluji hii! Nani amemchemshia tangawizi?

Kamera zikawaka. Malkia akaanza kwenda, nao wajakazi wakalia, "Mama! Mama!" Deok-sim akalia nao. Theluji ilikuwa inaanguka kwa wingi sasa, na kadiri yule aliyevaa nyeupe alivyolikaribia lango ndivyo weupe ulivyommeza. Kidogo. Kidogo zaidi. Mara hakuwepo. Deok-sim akapapasa hewa kwa macho yake mabovu, moyo ukamlipuka kama siku ile mtoto alipomchomoka mkononi sokoni, mjini Jecheon.

"Bong-rye-ya!"

Wajakazi wakanyamaza wote kwa mpigo. Na kutoka langoni ikaja sauti ambayo haikuwa ya malkia wala ya Seo-ha. Ilikuwa sauti ya msichana aliyeitwa kutoka uani, chakula kikiwa mezani.

"Abee, eomma?"

"Kata!"

Kicheko kikapasuka nyuma ya kamera. "Bong-rye! Ndiye malkia gani huyo, wa figili?" Hyeon-tak akaja mbio akiteleza. "Bibi, una wazimu? Umetuharibia! Nenda pale, uiname, umwombe radhi Bi Seo-ha."

"Nipe miwani yangu."

"Radhi kwanza."

"Dada, inama tu," Pil-nyeo akamvuta vazi. "Inama tukanywe supu, magoti yamekufa."

Langoni, kitu cheupe kilikuwa kimejitenga na theluji. Hakikuondoka. Kikaanza kuja, na kadiri kilivyokuja kikaota mabega, kikaota mkono ulioziba mdomo. Uso bado. Nyayo zikawa zinasaga theluji, karibu, karibu zaidi.

Deok-sim akainuka, akakung'uta magoti.

"Kijana, hebu nisikilize. Nimemwita, ameitika. Radhi siombi."