Filimbi Tisini za Lugongo

Zawadi ilifika kijiji cha Lugongo ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari: filimbi thelathini za plastiki kutoka kwa marafiki zetu wa Ulaya. Walikuwa wamesikia kwamba huku juu Uluguru watu hawana barabara wala bomba la maji, wakaona kinachokosekana hasa ni muziki.

Siku hiyo Mwalimu Ignas alikuwa Morogoro mjini kufuata chaki. Alirudi baada ya siku tatu na chaki, na barua. Ofisa Elimu alikuwa anamtaarifu kwamba Jumamosi ya wiki ijayo atapanda na mgeni kutoka wizarani kusikiliza watoto wakipuliza filimbi hizo, na kwamba mwalimu atakayeaibisha wilaya atahamishiwa Kisaki, akapate utulivu wa kutafakari. Ignas hakuwa na ugomvi na Kisaki. Mwenye ugomvi alikuwa Regina, nesi wa zahanati, mchumba wake, ambaye alikwisha kutamka: "Kisaki nenda wewe na simba wako. Mimi barua yako ya posa nitakurudishia ikiwa imekunjwa vilevile."

Basi Ignas akaenda moja kwa moja kwa Mzee Dominiko, mwenyekiti wa kijiji. Sanduku lilikuwa uani, tupu, kuku ameshalitagia.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Filimbi ziko wapi?"

"Marahaba, Mwalimu! Tumegawana," alisema mzee, kwa uso wa mtu anayesubiri nishani. "Kila moja inachomoka vipande vitatu. Thelathini mara tatu?"

"Tisini."

"Na kaya zetu ngapi?"

Ignas akakaa chini. Kaya zilikuwa tisini kamili.

"Hakikubaki hata kimoja! Wazungu wale wameuelewa Ujamaa kuliko Katibu Kata wetu."

Ignas akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mama Modesta alikuwa amepewa kipande cha kati, chenye matundu, naye alikuwa anapulizia moto. Hewa ilitoka kila upande isipokuwa motoni, lakini cha serikali hakikataliwi. Mzee Abasi alikuwa amechomeka kipande cha chini kwenye kibuyu cha asali, na asali ilitiririka kwa nidhamu ya mgambo. Waliopata kichwa ndio pekee waliosikia sauti: mlio mmoja, mkali, na ngedere hawakuwa wameonekana mashambani siku ya tatu sasa.

"Nikupe changu, jirani abaki na chake?" aliuliza Mama Modesta. "Mwalimu, huo si unyonyaji?"

Mwisho wa kubembeleza kwake kote, Ignas alipata vichwa thelathini tu, tena kwa kuazimwa, na kwa kiapo kwamba ngedere wakirudi atawafukuza mwenyewe. Akakata mianzi, akaitoboa kwa msumari wa moto, akaunganisha kwa nta ya Mzee Abasi. Siku nane darasa la tano lilipuliza wimbo mmoja wa kukaribisha wageni, mpaka mbuzi wa mwalimu mkuu wakahamia ng'ambo ya mto.

Jumamosi ikafika. Watoto wakapuliza, na wimbo ukatambulika. Mgeni akaomba filimbi moja, akaigeuzageuza.

"Plastiki juu, mwanzi chini! Huku ndiko kujitegemea, ndugu zangu. Nani kabuni?"

Mzee Dominiko alikuwa ameshasimama. "Ni mpango wa kijiji, ndugu mgeni. Chini ya uongozi wangu."

"Safi sana. Ofisa Elimu, andika: aliyebuni ahamie Kisaki mwezi ujao, akawafundishe wenzetu wa kule."

Mwenyekiti akakohoa. Uongozi wote ukamtoka mwilini.

"Tuseme kweli ya Mungu," alisema, "wazo zima, toka mwanzo, ni la Mwalimu Ignas. Mimi jasho la mtu siibi."

Makofi yakapigwa, mengine ya kusimama. Ignas akageuka kutazama benchi la zahanati. Regina naye alikuwa amesimama, ila hakupiga makofi. Alikuwa anafungua pochi yake, anatafuta kitu, na kilipotoka Ignas alikitambua kwa mikunjo.