Maneno Yangu Yalinitangulia Maguu

Mwaka 1953 tulihamia kwenye nyumba ya magurudumu. Mume wangu Romanus alikuwa nyapara wa barabara iliyokuwa ikichongwa kutoka Mbinga kuteremka ziwani, na serikali ilitaka nyapara alale karibu na mashine. Wakampa chumba cha mbao chenye paa la bati, kilichopachikwa juu ya magurudumu ya lori bovu. Kila barabara iliposogea maili mbili tatu, lori zima lilikuja likakivuta, nasi tukiwa ndani.

Watu walituonea huruma. Sikuihitaji. Chumba kilikuwa na urefu wa hatua saba na upana wa hatua nne. Kukifagia kulinichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Hakuna mama mkwe aliyefunua sufuria zangu kuona nimepika nini. Mwezi huu nilifungua mlango nikakuta mlima mmoja, mwezi ujao mwingine, na siku moja tulizunguka kona nikaona Ziwa Nyasa lote limelala chini yetu. Watoto wetu watatu walilala kwenye rafu alizozipiga baba yao. Mimi nina cheti cha ualimu, kwa hiyo mchana niliwakusanya watoto wa vibarua kwenye kivuli cha chumba nikawafundisha kusoma. Sijawahi kuishi mahali nikapapenda namna ile.

Lakini sikuwa mjinga. Chumba kilikuwa cha serikali, na barabara ikifika ziwani kingekwenda zake. Wanangu wangekula nini? Ndiyo maana sikuliacha shamba langu la Maguu, kwenye mlima wa ukoo wa mume wangu. Kila Machi nilipanda huko na binti yangu mkubwa, Tadea, tukakaa wiki tatu tukichimba ngolo. Mwanamume anafyeka majani na kuyapanga katika miraba, sisi wanawake tunayafukia kwa jembe mpaka mteremko mzima unakuwa na mashimo kama sega la nyuki. Mvua inaingia mashimoni, udongo haukimbii. Unapanda maharage, na Novemba unapanda mahindi palepale. Kazi ile inavunja mgongo. Ngolo zangu zilikuwa zimenyooka kuliko za mtu yeyote pale, na nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Usiku mmoja wa masika mvua ilipiga bati, watoto wamelala, nikamwambia Romanus, "Hapa ndipo kwangu. Hata wakinijengea nyumba ya matofali Maguu, sitapata usingizi kama huu."

"Unasema kweli?"

"Kweli tupu."

Akacheka, akanivutia blanketi. Hayo ni maneno ya mke kwa mumewe. Sikufikiri kama yana safari.

Novemba nilipanda Maguu na Tadea, mbegu kichwani. Tulipofika tulimkuta Scolastika, mke wa shemeji yangu Flaviani, kaka mkubwa wa Romanus, ameinama katikati ya ngolo zangu. Mahindi yalikwisha kupandwa hadi mstari wa mwisho.

"Dada, umekosea shamba," nikamwambia.

Alijinyoosha polepole. "Sijakosea, Mama Tadea."

"Hizi ngolo nimechimba mimi. Machi ulipita hapa ukaniona."

"Nilikuona. Kwani Romanus hajakuambia?"

"Aniambie nini?"

Alitazama jembe lake. "Mimi sitaki ugomvi. Kamwulize baba mkwe."

Kwetu wanaume wa ukoo hula pamoja jioni uani kwa mkubwa wao, kila mke akipeleka chungu chake, na hapo ndipo mambo ya ukoo yanapoamuliwa. Panaitwa sengu. Mwanamke huweka chakula akaondoka. Jioni ile jua halijazama, nilipeleka ugali na usipa, dagaa wa ziwani, nikapiga magoti nikaweka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Mzee Protasi, baba mkwe wangu.

Nikainuka, lakini sikuondoka. Mikono ya wanaume ilisimama juu ya ugali.

"Baba, nani amegawa shamba langu?"

Flaviani ndiye aliyerukia. "Shemeji, wewe si una nyumba yenye miguu? Shamba la nini tena? Au ulifunge kamba nyuma, lori likuvutie?"

Walicheka. Mzee Protasi hakucheka.

"Flaviani ana wana watano," akasema. "Pasaka iliyopita aliomba nyongeza. Mimi nilikataa. Nikasema, ardhi inayolimwa hainyang'anywi. Basi tukamwita Romanus tukamwuliza, mkeo analihitaji?"

"Akasemaje?"

"Akasimama pale uliposimama. Akasema, mke wangu ameniambia kwa kinywa chake kwamba kwake ni kule kwenye magurudumu. Hata tukimjengea nyumba ya matofali hapa, hatapata usingizi kama ule." Mzee akaniangalia usoni. "Ulisema au hukusema?"

Ningeweza kukana. Wangemwamini nani? Lakini nilikuwa nimesimama pale nasikia mvua ya usiku ule kwenye bati, na blanketi lile, vimemwagwa mbele ya wanaume kumi na wawili wenye matonge mkononi.

"Nilisema," nikajibu.

"Basi," akasema Mzee, kwa upole kabisa. Huo upole ndio uliouma.

Tangu Pasaka. Miezi saba. Julai nilivuna maharage yangu pale, nikamletea Romanus debe zima, akala.

Kesho yake tuliteremka. Nilimkuta anapaka grisi kwenye magurudumu ya chumba.

"Mmerudi mapema," akasema.

"Hakukuwa na kazi. Imeshafanywa."

Aliendelea kupaka. Nikajua hana la kuuliza.

"Kwa nini, Romanus?"

"Kila Machi unaniacha wiki tatu. Na barabara hii ikiisha ungesema turudi Maguu, nikae chini ya Flaviani nisikilize maneno yake mpaka nife. Nimeahidiwa barabara ya Tunduru. Wamesema chumba tutakwenda nacho." Akainuka, uso umechangamka kama mtu aliyeleta zawadi. "Si ulisema hapa ndipo kwako?"

"Nilikuambia wewe. Sikuwaambia wao."

"Ni maneno yaleyale."

"Na ulinificha miezi saba. Kama ni maneno yaleyale, mbona ulinificha?"

Akachovya tena kidole kwenye grisi.

"Panda nami kesho," nikasema. "Simama pale sengu, useme mkeo anataka shamba lake. Mahindi na avune Scolastika, sina neno. Akimaliza kuvuna, nirudi kwenye ngolo zangu."

"Nikaseme nimeamua, halafu mke wangu amenigeuza? Flaviani atanicheka mpaka kaburini."

"Mimi wamenicheka jana."

"Domitila, shamba lile ni mgongo tu kuvunjika. Nimekupumzisha."

Aliamini anachosema. Hapo ndipo nilipomaliza naye. Mtu akikuibia akajua ameiba, mnaweza kuzungumza.

Niliingia chumbani nikakaa kitandani. Kila kitu kilikuwa mahali pake, nilipokiweka mwenyewe. Nilijua kwamba nikibaki, kila neno zuri nitalipima kwanza kabla ya kulitoa, kwa kuogopa litakakofikishwa. Na barabara ya Tunduru nayo ina mwisho. Siku hiyo wangekichukua chumba, nami nimewapotezea wanangu mlima.

Asubuhi nilifunga majembe mawili, sufuria, mablanketi na kibao cha kusomea. Mtoto mdogo nikambeba mgongoni, wa kati nikamshika mkono. Wendelin, dereva wa lori, alikuwa anapasha injini moto.

"Mama Tadea, lori hili hapa, unakwenda kwa miguu kama huna mume?"

"Hakuna barabara huko niendako," nikamjibu.

Romanus alisimama mlangoni. Alidhani nitakaa siku mbili nirudi. Alisema hivyo, kwa sauti, ili vibarua wasikie.

Tulishika njia ya Mkumbi, kwa kaka yangu Izidori. Ana mteremko mmoja mkali upande wa juu, wenye mawe, ambao mkewe ameukataa. Na huko Mkumbi, binti aliyeolewa akirudi na watoto ni mgeni, na mgeni huulizwa anaondoka lini. Hilo nililijua kabla sijafunga mzigo.

Tulipopumzika mtoni Tadea aliniuliza, "Mama, tunakwenda nyumbani?"

"Hapana," nikamwambia. "Tunakwenda kuomba shamba."

Akanyanyua majembe, akatangulia.