Kipande cha Tatu cha Figo

Vipande vilikuwa vitatu, na viwili alikuwa ameshaviharibu.

Fundi wa maabara alifumba macho, akayafumbua, akachungulia tena kwenye darubini. Giza tupu. Hata slaidi ya majaribio, ya mgonjwa wa zamani, ambayo siku zote huwaka kijani, ilikuwa nyeusi. Hapo akajua. Alikuwa amefunika slaidi zote kwa gundi ngumu ya kila siku, na gundi ile hutaka kwanza kuoshwa kwa spiriti kali. Aliosha kwa mazoea, akili yake ikiwa wodini, na rangi yote inayong'aa ikaenda na spiriti.

Wodini, ghorofa ya juu, alilazwa wifi yake. Figo zake zilikuwa zinazimika, na madaktari walisubiri slaidi hizo wajue wampe dawa gani. Kumchoma tena sindano ya kutoa nyama ya figo haikuwezekana. Ile ya kwanza ilimvujisha damu hadi wakakata tamaa.

"Usiniangushe, wifi," mgonjwa alikuwa amemwambia asubuhi. "Nyama yenyewe niliyobaki nayo ni ya kuokoteza."

Angeweza kusema rangi ilikuwa mbovu, na nani angejua? Wazo hilo likamtisha kuliko lile giza. Akaenda kugonga mlango wa daktari bingwa, mama mtu mzima waliyemwita Mama Lenzi kwa sababu hakuna kilichompita.

"Uliosha kwa spiriti?" aliuliza, slaidi zile nyeusi mkononi.

"Ndiyo, daktari."

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili."

Mama Lenzi aliziweka slaidi mezani. "Cha tatu kiko wapi?"

"Kwenye friza. Sijakigusa."

"Basi usikiguse mpaka tujue tunakifunika na nini."

Rafuni palikuwa na chupa ya gliserini, kifunikio kisichohitaji spiriti. Fundi aliishika haraka, lakini Mama Lenzi alichovya kwanza karatasi ya kupimia. Ikageuka nyekundu.

"Imeshakuwa na asidi," alisema. "Rangi yetu ikikutana na asidi inafifia. Tungekizima na hiki."

Fundi aliiweka chupa kando.

Walichanganya gliserini mpya na dawa ya kuondoa asidi, wakapima, wakaijaribu kwenye slaidi nyingine ya mgonjwa wa zamani. Ikawaka. Ndipo walipokitoa kipande cha tatu na kukipaka rangi.

"Kifunike," alisema Mama Lenzi.

"Mikono inatetemeka, daktari."

"Yangu ina miaka sitini na mitatu. Inatetemeka zaidi."

Tone moja. Aliteremsha kioo chembamba kwa upande, taratibu, pumzi ameibana, akiogopa hata povu dogo. Akaziba kingo kwa rangi ya kucha.

Mama Lenzi ndiye aliyechungulia, fundi mwenyewe hakuthubutu.

"Mstari," alisema hatimaye. "Mwembamba, wa kijani, umezunguka vichujio vyote vya figo. Kinga yake yenyewe ndiyo inayozishambulia." Tayari alikuwa ameinua simu kupiga wodini.

Dawa ilianza mchana huo huo. Wifi alisafishwa damu kwa mashine wiki saba, ndipo figo zikaanza kufanya kazi kidogo kidogo.

Jioni ya siku ile ya slaidi, fundi aliandika ripoti ya vile vipande viwili kwa mkono wake, kisha akapanda ghorofani kumweleza mwenyewe. Wifi aligeukia ukutani. Siku ya nne ndipo aliposema, "Vuta kiti. Niambie tena, polepole."