Muhuri Wenye Pengo

Hakuwa na mke, alikwisha kumzika. Hakuwa na mtoto. Hakuwa na kidole gumba cha mkono wa kushoto, kilichoondoka na msumeno enzi za ujana wake. Hakuwa na cheti isipokuwa kile cha masomo ya ngumbaru, alichokipata akiwa na miaka thelathini na minne, akakitia kwenye fremu kama wengine wanavyotia picha ya harusi. Hakuwa na subira kwa wajinga. Alichokuwa nacho ni kibanda nyuma ya posta, meza, lenzi, visu vinne vidogo, na dada mmoja.

Watu walimwita Fundi Mihuri. Alichonga mihuri ya mpira kwa mkono, herufi zikienda kinyume, kulia kwenda kushoto, bila kukosea. Na katika kila muhuri alikata pengo dogo kwenye duara, chini kushoto, jembamba kama unywele. Wateja hawakuliona. Lilikuwa sahihi yake.

Dada yake alikuwa mdogo wake kwa miaka tisa, akifungasha sabuni kiwandani. Zamani, kila alichojifunza kaka darasani jioni, asubuhi alimfundisha yeye mezani. Kwa hiyo gonjwa lilipoingia, na zahanati ikaanza kuchanja bure, Fundi alikunja mkono wa shati siku ya kwanza na kudhani dada atafuata.

"Nitakuja, kaka. Nikimaliza woga."

"Woga haumalizwi. Unamezwa, kama kwinini."

"Wewe umesoma. Mimi nimesikia."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu hao hawana majina?"

Dada akacheka. "Watu ni watu, kaka. Wanasema ukichomwa, mwaka wa pili hufiki."

"Na wasiochomwa wanaozikwa kila siku, hao wanasemaje?"

"Hao hawasemi kitu," alijibu, na hapo kicheko kikamkatika.

Kiwanda kikatangaza kwamba asiye na kadi ya chanjo hapiti getini. Wiki hiyo hiyo akaja kibandani karani wa kiwanda, mtu waliyemwita Kalamu Mbili kwa sababu ya kalamu mbili za mfukoni, moja haina wino. Alileta barua yenye jina la zahanati ikiomba muhuri wa duara, na karatasi yenye alama ya muhuri wa zamani, ili Fundi aiige.

Fundi alikuwa na sheria moja: muhuri wa ofisi hauchongwi bila barua iliyogongwa muhuri.

"Barua hii haina muhuri," alisema.

"Mzee wangu, wangekuwa na muhuri wangekuja kwako kutafuta nini? Muhuri umepotea."

Jibu lilikuwa zuri mno. Fundi alijua majibu mazuri mno hutengenezewa wapi.

"Muhuri wa zahanati huletwa kutoka makao makuu. Sijawahi kuugusa."

"Makao makuu watauleta mwakani, watu wakiwa makaburini. Lakini kama mkono umechoka, sema tu. Kuna duka jipya stendi, mashine inachonga kwa dakika tano. Mimi ndiye niliyewaambia, kwanza tumwone mzee, kama bado anaona."

"Kama bado ninaona," Fundi alirudia.

Aliuchonga mchana ule ule. Uliiga ule wa kweli mpaka kwenye nukta, ila pengo. Alijua vizuri kazi iliyokuwa ikiungoja. Alijiambia kwamba zahanati iko wazi, sindano ni ya bure, na mtu mzima anayetaka kujidanganya, basi na ajidanganye. Yeye hakuwa mchungaji wa wajinga. Akampa Kalamu Mbili muhuri na kunawa wino.

Siku chache baadaye dada alisimama mlangoni, akapunga kadi hewani na kuirudisha kifuani.

"Haya, mwalimu! Nimechanjwa. Sasa nipumzishe masikio."

Baada ya mwezi akaipunga tena: "Na ya pili!" Fundi alifurahi hata akasahau kuomba aishike. Jioni ile alipiga mluzi njia nzima kurudi nyumbani, yeye ambaye hakuwa mtu wa mluzi.

Mvua zilipokwisha dada alianza kukohoa. Siku ya nne hakuweza kupanda ngazi. Hospitalini muuguzi alimkabidhi Fundi mfuko wenye viatu, kitambaa cha kichwa na ile kadi.

"Baba, huyu amechanjwa mara mbili, sivyo? Inatuchanganya. Daktari ameshaandika kwenye faili."

Fundi alikwenda dirishani, akatoa lenzi mfukoni. Mihuri miwili ya bluu. Chini kushoto, pengo. Na pengo.

Walimvalisha joho na barakoa, wakamruhusu dakika chache. Dada alikuwa na mpira wa oksijeni usoni na macho yaliyokuwa yamekua makubwa.

"Umeiona," alisema.

"Muhuri huu nimechonga mimi."

Alimtazama kaka yake, akivuta pumzi kama mtu anayevuta kamba kisimani.

"Basi umechonga vizuri. Getini hawakushtuka hata kidogo."

Fundi aliificha kadi kiganjani.

"Usiwaambie, kaka. Wenzangu wananiheshimu. Mimi ndiye ninayewasomea barua zao. Niahidi."

"Sitasema."

Akafa siku ya pili, saa nne asubuhi, wakati Fundi amekwenda kununua maji.

Wafungashaji wa sabuni walikuja mazikoni, wakasimama mbalimbali kama miti. Aliyemkaribia Fundi alikuwa Mama Pacha, rafiki wa dada, mmoja wa wanawake kumi na mmoja waliozuiwa getini kwa kukosa kadi.

"Pole, kaka yetu. Pole sana." Alifuta uso kwa kiganja. "Nikwambie ukweli? Tulikuwa tumejiandikisha, sisi kumi na mmoja. Twende Alhamisi. Yeye ndiye aliyetutia moyo, akatuonyesha na kadi."

"Basi nendeni."

"Tukafanye nini? Yeye alichomwa mara mbili na huyo tumemfukia. Nina watoto wa miezi saba, kaka. Wawili. Sindano yenyewe ndiyo hii?"

Fundi alifungua mdomo. Alikumbuka ahadi, akaufunga. Mama Pacha akapokea kimya kile kama jibu, akarudi kwa wenzake, na Fundi akaona vichwa vikitikiswa kimoja baada ya kingine.

Alhamisi alikwenda zahanati. Benchi la kungojea lilikuwa tupu. Muuguzi wa pale alikaa na sanduku lake la barafu, mbele yake orodha ya majina kumi na moja.

"Hawaji," alisema. "Kuna mwanamke alichanjwa huyo, akafa. Mtaa mzima unalo hilo. Sasa nibishane na maiti? Maiti hashindwi ubishi."

Fundi alikaa kwenye benchi lile mpaka mchana. Aliingia mtu mmoja tu, akauliza kama kuna dawa ya minyoo.

Aliporudi kibandani alichukua karatasi. Barua ya kwanza ilieleza habari za muhuri wa uongo na jina la Kalamu Mbili, bila neno juu ya dada. Aliisoma kwa sauti, kama alivyofundishwa, na moyoni akamsikia Mama Pacha akimuuliza: na marehemu je? Akaichana. Ya pili aliandika "mtu mmoja wa familia yangu". Akaichana nayo. Ya tatu ilikuwa fupi:

"Kwa Mganga wa Zahanati. Muhuri wa uongo nimeuchonga mimi, kwa mkono wangu na akili yangu timamu. Aliyeuagiza ni karani wa kiwanda cha sabuni. Kadi yoyote yenye pengo kwenye duara, chini kushoto, mwenye nayo hakuchanjwa. Dada yangu tuliyemzika Jumanne alikuwa na kadi hiyo. Hakuchomwa sindano hata moja. Aliogopa, na mimi nikamtengenezea mahali pa kujificha. Naomba barua hii isomwe getini kwa sauti, na nakala apewe polisi. Nitakuwa kibandani."

Chini yake alibandika kadi ya dada. Jina lake lilikuwa pale, kwa mwandiko wake mwenyewe, herufi za duara alizomfundisha mezani. Aliligusa kwa kidole.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema. "Wapo kumi na mmoja."

Alilowesha gundi kwa ulimi, akaifunga bahasha na kuikandamiza kwa mkono wenye vidole vinne. Kisha akavaa koti na kuzunguka mpaka mbele, kwenye dirisha la posta.

"Leo Fundi unaandika?" karani wa posta alimtania. "Mchumba?"

"Rejista," alisema Fundi. "Ifike leo."

Karani akaugonga muhuri wa posta, ule Fundi aliouchonga miaka kumi na tisa iliyopita, akaitupa barua ndani ya gunia.