Ngoe ya Mzee Meshack

Siku ya kumzika mumewe Meshack, Debora alimnyooshea mwanawe mkubwa ngoe ya marehemu, ile fimbo ndefu ya kuchungia yenye kichwa kilichopinda. Katika ukoo wao ndivyo mifugo inavyorithishwa. Elieza, wakati huo kijana wa chuo cha theolojia, akaficha mikono nyuma. "Mama, mimi si mtu wa mbuzi." Ngoe ikachomekwa kwenye boriti za paa, na moyo wa mama ukachomwa siku hiyo hiyo.

Miaka ikapita. Elieza akachaguliwa askofu, akarudi kijijini kwao, Gulwe.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuomba ngoe ya baba. Nataka iwe ndiyo fimbo nitakayokabidhiwa siku ya kuwekwa wakfu."

"Marahaba, mwanangu. Wenzako si wananunua za kung'aa?"

"Wananunua. Lakini hata hizo zinaiga hii. Fimbo ya askofu imetoka kwa wachunga mifugo, umbo lake na hata jina lake, fimbo ya kichungaji. Nimefundisha habari hiyo miaka mingi, na ngoe yenyewe niliikataa hapa."

Debora alifurahi, lakini hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Jina unalijua. Kazi yake je?" Akaichomoa paani, akampa, akamfungulia na zizi. "Rudi jioni."

Basi askofu mteule akashuka korongoni na viatu vyake vya ngozi, majirani wakijizuia kucheka. Kilikuwa kiangazi, nyasi zimekwisha. Chakula kilibaki juu, kwenye matawi ya migunga yasiyoshuka ila kwa kuvutwa na ngoe. Jioni alirudi shati limechanika, mikono imejaa miiba. Akaanza kueleza. Mama hakumsikiliza. Kwao mchunga mbuzi haulizwi. Huulizwa matumbo ya mbuzi. Akainama akayapapasa moja moja, hadi la mbuzi kilema asiyefikia tawi lolote. Yote yalikuwa yamejaa. Debora akalia pale pale zizini, bila haya.

"Ichukue," akasema. "Ila usiipake rangi."

Siku ya ibada kanisa la Dodoma mjini lilifurika. Ngoe iliyokolea moshi ikawekwa mkononi mwa Elieza, vigelegele vikapaa. Maandamano yalipokuwa yakitoka, Elieza akasimama kando ya benchi la nyuma, walikobanana wazee waliotoka Gulwe alfajiri. Mama yake alikuwa kati yao. Kiti cha mbele alikikataa. Akadhani mwanawe atawabariki.

Elieza akainama. "Mmekula?"

Wazee wakatazamana.

"Bado," akajibu Debora.

Basi maaskofu na kwaya nzima wakasubiri juani, wazee wa Gulwe wakitangulia kwenye masufuria ya karamu.