Nguo ya Buti

Mvua ya alfajiri ilikuwa imekatika, ukungu ukatanda mtaani kama maziwa yaliyomwagika. Fundi cherehani alifungua buti la gari lake kutoa shela la bibi harusi, akakuta upindo umeingia tope. Kando yake kililala kitoroli cha gofu cha baba yake, magurudumu yamevaa udongo na majani mabichi.

Hasira zilimpanda, zikashuka. Baba yake, dereva wa treni mstaafu, alikuwa kama mtu aliyeuhama mwili wake tangu mama alipofariki. Alishinda kitini; ukimsemesha, anaitikia kwa kichwa tu. Kisha rafiki yake wa kazini akamwachia virungu vya gofu pamoja na kile kitoroli kikuukuu, na mzee akaanza tena kuamka mapema, kunyoa ndevu na kuomba apelekwe uwanjani. Kumkataza kungekuwa kumrudisha kitini.

Basi alifua upindo kwa maji ya uvuguvugu, akauanika, akachukua futi yake ya kitambaa na kuinama kwenye buti. Mzee alimwona kupitia dirisha, akatoka taratibu.

"Mwanangu, kama nakuharibia gari, sema. Nitaacha."

"Nani kasema uache, baba? Nalipima nguo."

Mzee alitazama gari, akamtazama binti yake. Mabega yakaanza kumtikisika. Fundi alidhani analia, kumbe anacheka.

Mchana huo alitandika turubai la kijani mezani. Alilikata kwa umbo la sakafu ya buti, akainua kingo zake kama sinia ili maji ya tope yasichuruzike, na mbele akaacha ulimi mrefu wa kufunika bampa wakati wa kupakia. Turubai lilikuwa zito, ikabidi baba akae upande wa pili alishikilie. Cherehani ilipokolea mwendo, mzee alifumba macho, akaanza kutaja stesheni zake za zamani kwa mpangilio, kwa sauti ya chini kama anayebembeleza mtoto, mpaka usingizi ukamchukua. Fundi hakusimamisha mashine. Aliogopa treni ingesimama.

Jumamosi mvua ilinyesha tena. Siku zote fundi humsubiri baba garini, kando ya uwanja wa gofu. Safari hii alivua viatu, akamfuata. Ukungu ulikuwa umemeza miti, nyasi zilikuwa baridi na laini chini ya nyayo. Mzee alipiga mpira, nao ukayeyuka hewani.

"Umeona ulikoangukia?"

"Sijaona."

"Na mimi sijaona," akasema mzee, tena kwa furaha. Walitembea bila haraka, fundi akisukuma kitoroli. Mara baba akasema, "Nyumbani namtafuta mama yako kila chumba. Hapa natafuta mpira tu."

Fundi akamshika mkono.

Waliporudi garini, walikilaza kitoroli juu ya turubai, tope likatulia humo humo. Mzee aliketi kwenye ukingo wa buti akifungua kamba za viatu, kisha akamuuliza bintiye kazi yake inaendaje siku hizi. Hakuwa amemuuliza hivyo tangu msiba. Fundi akaketi kando yake, akaanza kumsimulia, na ukungu ukawa unainuka polepole juu ya nyasi.