Mjamzito wa Kadi ya Kuazima

Mpiga pasi wa hoteli alikuwa mkimbizi, na karatasi za kuishi ugenini hakuwa nazo. Mimba alikuwa nayo, tena ya miezi sita. Tumbo halingoji kibali. Siku zile miguu ikaanza kuvimba na macho kuona vimulimuli. Kliniki ilikuwa mtaa wa pili tu, lakini aliamini kwamba anayeingia bila karatasi hutokea mlango wa nyuma, garini mwa polisi.

Mfua mashuka, jirani yake mwenye vibali vyote, akamtolea kadi yake ya kliniki.

"Shika, mdogo wangu. Leo wewe ni mimi."

"Lakini dada, wewe una miaka hamsini na miwili!"

"Basi kunja uso."

Akaenda kaukunja. Mkunga akasoma kadi, akamtazama, akairudia kadi, akavua miwani.

"Hongera, mama. Hamsini na miwili, na ngozi laini hivyo!"

"Nakunywa maji mengi."

"Na mimba?"

"Miezi sita."

"Mbona hapa imeandikwa kizazi kilitolewa miaka minne iliyopita?"

Mpiga pasi akaichungulia kadi. Dada yule, domo kaya wa kusimulia mpaka ndoto zake, hilo la kizazi akalisahau!

"Kwa Mungu hakuna gumu," akajaribu.

Mkunga alicheka hadi akashika meza. Mpiga pasi akautazama mlango, lakini kwa miguu ile iliyojaa kama mito, angekimbilia wapi?

"Keti, mwanangu. Sipigi simu popote. Kazi yangu kupima, si kulinda mpaka. Kutibiwa ni haki yako, uwe na karatasi usiwe nazo. Ila ukija na kadi ya mwingine, nitakupa dawa ya mwingine, nayo itakuua. Haya, kadi mpya hii: jina lako wewe?"

Tangu avuke mpaka hakuwahi kulitaja mbele ya mwenye kalamu. Likatoka dogo.

"Sisikii."

Akalitaja tena, na la baba, na la babu, hata la bibi mzaa mama ambaye hakuulizwa.

"Basi, basi, kadi imejaa!" Mkunga akampima presha, kicheko kikamkauka. "Iko juu mno. Leo hurudi kazini, unalala hapa tukutazame."

"Bosi je?"

"Bosi ana mimba?"

"Hana."

"Basi na angoje."

Mpiga pasi akapanda kitandani na viatu vyake, upesi, mtu asije akabadili mawazo.